Tarehe 19: kisa cha bosi aliyeonekana mbaya kwenye usaili

Mpwa wangu alinipigia saa nane mchana akiwa kituoni Barabara ya Nyerere, makonda wanaita Gongo la Mboto nyuma yake. Shikamoo yenyewe aliitoa mbiombio, kisha akasema: "Mamdogo, ile kazi siitaki. Yule baba ana roho mbaya."

"Marahaba. Wamekupa?"

"Hawajanipa. Hata wakinipa siitaki."

Nikampa jibu ambalo leo nalionea aibu. Nilimwambia: mwanangu, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi, bosi hahitaji kuwa na roho nzuri, anahitaji kulipa mshahara mwisho wa mwezi. Akanyamaza kama mtu aliyeamua kutokuniambia kitu kingine tena. Hapo nikajirudi. Nikamwambia apande gari, afike nyumbani, ale, tutaongea jioni.

Nimefanya kazi ya utumishi miaka 17, viwandani na kwenye kampuni za biashara hapa Dar es Salaam. Nimekaa upande ule wa meza wenye karatasi ya maswali mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, bila jina la kampuni wala la mtu yeyote. Sikiandiki kwa sababu kiliisha vizuri. Kiliisha nusunusu, na mimi mwenyewe nilikosea mahali pawili, pa kwanza ni hapo juu.

Yeye ni mhasibu, ana miaka 29 na CPA, cheti cha juu cha uhasibu, mkononi. Wakati huo alikuwa kwenye kliniki moja binafsi kwa mshahara wa shilingi 950,000, mkataba umebakiza miezi mitatu, na hakuna aliyekuwa anamwambia kama utaongezwa. Kazi aliyoiombea ilikuwa ya mhasibu mwandamizi kwa waagizaji wa matairi na vipuri vya malori, ofisi juu, godauni chini. Tangazo lilitaja shilingi 1,600,000. Ana mdogo wake anasoma chuo, na kodi ya nyumba anailipa kwa miezi sita sita. Mtu wa namna hiyo hasemi "siitaki" kwa wepesi.

Alichokiona

Jioni akanitumia sauti ya WhatsApp ya dakika 11. Nikaisikiliza yote, halafu nikamwomba aniandikie upya, kwa masharti mawili: aandike alichokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio tu, na asitumie neno "roho". Alichukia kidogo. Lakini akaandika, na maandishi yake ndiyo niliyoyatumia.

Aliambiwa saa nne kamili asubuhi. Aliingizwa ndani saa sita kasoro dakika kumi, baada ya kukaa kwenye benchi mlangoni akiangalia makuli wanapakia matairi. Hakuna aliyemwomba radhi.

Ndani walikuwa wawili, mkurugenzi wa fedha, ambaye ndiye angekuwa bosi wake, na dada wa utumishi. Yule bosi alipokea simu mara tatu katikati ya maswali. Mara ya pili alipiga meza kwa kiganja.

Alipoulizwa kwa nini nafasi iko wazi, bosi alisema: "Nyie wahasibu wa siku hizi mnakuja na CPA kubwa, kichwani hamna kitu. Aliyetoka juzi kanitia faini ya TRA. Wa kabla yake kaenda uzazi, karudi na barua ya kuacha kazi." Halafu akauliza kama ameolewa, na kama anategemea kuzaa hivi karibuni. Mpwa wangu akajibu "bado sijapanga" kwa sauti ambayo anasema hakuitambua kuwa ni yake. Bosi akaandika kitu kwenye daftari.

Kisha chai. Mama mmoja wa makamo aliingia na chupa na vikombe, akaweka kikombe cha bosi pembeni ya meza, juu ya ankara. Bosi akaivuta ankara bila kuangalia, chai ikamwagika kwenye kisahani na kidogo kwenye karatasi. "We mama, nimekwambia mara ngapi? Macho yako ya kazi gani?" Hakuinua hata uso. Yule mama akasema "samahani baba", akafuta meza kwa ncha ya kanga yake, akatoka kinyumenyume. Kisha bosi akamgeukia mpwa wangu kwa sauti laini kabisa: "Enhe, tulikuwa wapi?"

"Mamdogo, ile laini ndiyo iliyonitisha," aliandika. "Ile ya ukali nimeizoea."

Na dada wa utumishi? Alicheka utani wa bosi kabla utani haujaisha. Kila alipoulizwa jambo na mpwa wangu, hata jambo dogo kama siku za likizo, alimtazama kwanza bosi.

Nikasoma mara mbili, halafu nikampigia kumuuliza swali ambalo wasailiwa wenye hasira huwa hawajiulizi: kuna chochote kilichokufurahisha mle ndani? Kimya. Halafu: "Alinipa zoezi." Bosi alimpa daftari la fedha na taarifa ya benki vya mwezi mmoja, avilinganishe palepale. Ndani yake kulikuwa na hundi iliyoingizwa mara mbili, imefichwa makusudi. Aliiona ndani ya dakika sita. Yule baba alitabasamu kweli, akamwambia wengi hawaioni, halafu akatumia dakika kumi kumweleza jinsi wanavyohesabu gharama ya mzigo ulio bado bandarini, na alieleza vizuri kuliko mwalimu wake wa chuo.

Hilo halikuwemo kwenye dakika 11 za sauti. Lilikuwa limezama kwenye chai.

Kupima

Kwanza nikamuuliza usaili ulikuwa tarehe ngapi. "Kumi na tisa." Nikangoja. Baada ya sekunde kama tano nikamsikia anacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mhasibu wa nchi hii anaijua tarehe 20 kama muumini anavyoijua siku yake ya ibada: ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka TRA ritani, yaani hesabu ya kodi ya VAT, ya mwezi uliopita. Tarehe 19 mkurugenzi wa fedha wa kampuni inayoagiza mizigo hana saa nne wala saa tano. Zile simu tatu, alikumbuka sasa, zilikuwa za risiti za EFD, za mashine ya kodi, ambazo muuzaji mmoja hajazitoa.

Basi kuchelewa na simu tukavipunguzia uzito. Hatukuvifuta kabisa, kwa sababu mtu anayeita usaili tarehe 19 ama hapangi kalenda yake ama anapangiwa, na yote mawili mhasibu mwandamizi atayaonja. Ila hayo si ya kumkatalia mtu kazi.

Swali la ndoa na uzazi ni zito zaidi, na hapa nieleze kidogo kwa sababu naulizwa sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Watu wengi wanadhani inamlinda aliyekwisha kuajiriwa tu. Kifungu chenyewe kinasema mwombaji wa kazi naye amo, na kwamba taratibu za kuajiri ni sehemu ya kinachokatazwa. Kwa hiyo si swali la mazungumzo tu kama wakubwa wengi wanavyolichukulia. Lakini pia sijawahi kumshauri binti amsomee bosi kifungu cha sheria katikati ya usaili. Nimemfundisha kulirudisha swali kwenye kazi: "Majukumu yangu ya nyumbani hayajawahi kuchelewesha kufunga hesabu. Kuna safari au kazi za usiku kwenye nafasi hii ambazo ningependa kuzijua?" Ukijibu hivyo, muungwana atazungumzia kazi. Asiye muungwana atauliza tena, na ukishaulizwa mara ya pili huhitaji ushauri wangu.

Kwa bahati mbaya swali hili peke yake halimtambulishi bosi mbaya, maana wanaouliza ni wengi mno, na baadhi yao nimewaona wakiwapa watu siku zao 84 za uzazi bila kinyongo. Kilichonishtua mimi ni kwamba alilitangulizia kisa cha aliyekwenda uzazi. Watu wawili wameondoka, na katika simulizi yake wote wawili ndio wenye kosa. Mtu anaweza kuwa na mkosi wa mfanyakazi mmoja. Wawili mfululizo, nataka kuwasikia na wao.

Chai sikuipunguzia kitu. Bosi anayemkaripia mhasibu mwenzake anaweza kuwa mkali wa kazi. Anayemkaripia mama aliyemzidi umri mbele ya mgeni, kisha sauti ikabadilika papo hapo kama taa, huyo anajua anachokifanya. Anachagua nani wa kumfanyia.

Na yule dada wa utumishi, hapa naongea kama mtu wa fani. Ukiwa kwenye usaili, bosi mwangalie, lakini aliye chini yake mchunguze. Bosi siku hiyo amejipanga, yule wa chini hajajipanga. Akijibu kabla bosi hajajibu, nyumba ina hewa. Akitazama kwanza, jiulize amefundishwa vipi kutazama.

Hata hivyo yote hayo yalikuwa bado ni ya chumba kimoja, saa moja, siku moja mbaya. Mimi sikubali kuamua kwa chumba kimoja. Jambo baya ulilolihisi kwenye usaili nalihesabu pale linapojitokeza mara ya pili mahali pengine: kwenye kinywa cha mtu mwingine, au kwenye karatasi. Nikamwambia kazi yetu kwa wiki ile ni kulingoja litokee tena, au lisitokee.

Mahali pa pili

Wahasibu wa Dar wanajuana. Kwa kupitia mtu aliyesoma naye, alipata namba ya mmoja wa wale waliotoka, yule wa faini. Nilimwonya asiulize "bosi yukoje", maana aliyeondoka na kidonda atakupa kidonda, na mwenye tahadhari atakupa "kawaida tu". Aulize mambo yenye jibu. Mshahara unaingia tarehe ngapi? Michango ya pensheni ya NSSF inapelekwa kila mwezi? Ungerudi?

Mshahara, alijibiwa, haujawahi kuchelewa hata siku moja. NSSF iko sawa, aliona mwenyewe kwenye taarifa yake. Kurudi? Hapo kikapita kimya kirefu. "Hapana dada. Si mtu mbaya. Ila kwenye hela ya faini mimi nilikatwa miezi mitatu, na risiti zilizochelewa hazikuwa zangu."

Hilo likawa jipya kabisa. Kwenye usaili aliambiwa "kanitia faini". Sasa tunasikia faini ile ilitoka mfukoni mwa nani.

Aliitwa usaili wa pili tarehe 27, na safari hii aliingizwa ndani baada ya dakika tano, akapewa kiti na maji, na bosi alikuwa mtu mwingine, ametulia, anatania. Mpwa wangu alikuwa na swali moja tuliloliandaa pamoja: "Ritani ilipochelewa mara ya mwisho, ilitokeaje, na baada ya pale mlibadilisha nini?"

Nalipenda swali hili kwa sababu halimtuhumu mtu. Mwenye mpangilio atakuambia: tumeweka siku ya mwisho ya kupokea risiti kuwa tarehe 12, tumempa fulani kazi ya kuwafuata wauzaji. Yeye alijibu, bila kufikiri: "Nilibadilisha mtu."

Mpwa wangu akaomba pia kukaa nusu saa na wenzake watarajiwa. Walimruhusu, na hiyo niliihesabu kwa upande wa bosi, kwa sababu wenye mengi ya kuficha hukataa. Idara ilikuwa na watu watatu. Mmoja, dada mtu mzima, alikuwa na miaka sita pale. Mpwa wangu akamuuliza kwa sauti ya chini anaishije na mzee. Yule dada akaonyesha kwa kidole kalenda ya ukutani, ile ya bure ya benki, tarehe 15 mpaka 20 zimezungushiwa kalamu nyekundu kila mwezi. "Nimejifunza hii," akasema. "Siku nyingine ni baba tu kama baba."

Hesabu

Ofa ikaja wiki iliyofuata, shilingi 1,600,000 kama ilivyotangazwa. Ndugu wote wakashangilia. Laki sita na nusu zaidi! Mama yake, dada yangu, alishaanza kumpangia.

Nikamwambia akae chini kama mhasibu, ahesabu kinachofika mkononi. Kwa 950,000, ukitoa NSSF asilimia 10, kodi ya mshahara kwa viwango vilivyotumika wakati ule, na asilimia 15 ya kurudisha mkopo wa chuo kwa Bodi ya Mikopo, alikuwa anabaki na 620,750. Kwa 1,600,000, baada ya makato yaleyale, angebaki na 940,000. Tofauti ya kweli ni 319,250. Si haba, inalipa kodi yake ya nyumba na inabaki. Lakini unapojiuliza kama utaweza kuvumilia tarehe 15 mpaka 20 za kila mwezi, bei unayolipwa kwa uvumilivu huo ni 319,250, si 650,000. Wengi huwa wanauza kwa bei wasiyoijua.

Kisha tukasoma barua. Barua ya ofa huwa naisoma kuanzia nyuma, kwa sababu mambo mazuri huwekwa mbele. Kifungu cha mwisho kabisa, kabla ya sehemu ya sahihi, kiliandikwa hivi: mwajiriwa atawajibika kulipa faini na adhabu zote za kikodi zitakazotokana na uzembe wake, na kampuni itakata kiasi hicho kwenye mshahara.

Ndiyo pale. Maneno ya tarehe 19, "kanitia faini", yameshavaa suti na kuingia kwenye mkataba. Tulichokihisi kwenye chumba, tukakisikia kwa aliyeondoka, sasa tunakisoma. Kama kuna wakati nilimwamini yule binti na simu yake ya kituoni, ni huo.

Lakini karatasi ina faida moja ambayo hasira ya mtu haina: inaweza kurekebishwa. Kifungu cha 28 cha sheria ileile kinaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti tu. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini. Apewe maandishi yanayoeleza sababu, kiasi na jinsi kilivyopatikana. Apewe nafasi ya kujitetea. Na makato hayo kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Kifungu cha kwenye ofa hakikuwa na sharti hata moja kati ya hayo, na neno "uzembe" walijiachia kulitafsiri wenyewe.

Akaandika barua pepe ya mistari mitano kwa dada wa utumishi. Alishukuru kwa ofa, akasema yuko tayari kuanza, akaomba kifungu kile kiondolewe au kiandikwe kwa masharti ya kifungu cha 28, akayataja. Basi. Hakuandika "nimesikia kwamba". Aliyetupa habari angeumia.

Siku mbili kimya. Ya tatu akapigiwa na bosi mwenyewe. "Yaani wewe hujaanza kazi umeshanipeleka mahakamani?" Akasikia anacheka, lakini hakujua ni kicheko cha aina gani. Akamjibu jambo ambalo sikumfundisha, na ndilo lililonifanya nijue kwamba atamudu: "Hapana mkurugenzi. Wewe ulinipa hesabu yenye hundi imeingia mara mbili ukaniambia niitafute. Na hii nimeiona." Kukawa kimya, halafu akasema: "Haya. Mwambie dada aitoe."

Ikatolewa. Barua mpya ikaja jioni ileile.

Mimi nilipima hivi. Upande mmoja: mkali kwa kalenda, anayetafuta mtu wa kulaumu badala ya kurekebisha utaratibu, na anayejua wa kumkaripia. Upande wa pili: anajua kazi yake, analipa kwa wakati, na akionyeshwa kosa kwenye karatasi analikubali. Hilo la mwisho si dogo, nimefanya kazi na mabosi wapole wasioweza kufuta hata koma. Nikamwambia mimi ningeenda, kwa tahadhari, na kwamba hata akikataa ninamuunga mkono. Angekataa, wangestahili ujumbe wa mistari miwili tu: ahsanteni kwa muda wenu, nimeamua kutoendelea. Kumweleza bosi sababu za kumkataa ni kazi isiyolipwa.

Tahadhari zenyewe zilikuwa mbili. Asiache kliniki kabla barua mpya haijasainiwa na pande zote na nakala iko kwake, na awape notisi ya siku 28 kama anayelipwa kwa mwezi anavyotakiwa. Na ajue kwamba ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mtu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa miezi hiyo asiingie kwenye deni jipya, asihamie nyumba ya bei kubwa, ile tofauti ya 319,250 aiweke pembeni yote. Alinuna kwa hilo. Alikuwa na friji anaitazama.

Baada ya hapo

Alianza. Bosi alikuwa kama alivyoonekana. Tarehe 15 ofisi inaongea kwa kunong'ona, tarehe 21 anakuja na samosa za watu wote. Mwezi wa nne tangu aanze ritani ikachelewa siku mbili, kwa sababu bosi mwenyewe alisafiri na hakuwa ameidhinisha ankara tatu. Faini ikaja. Akasimama katikati ya idara akasema atamkata mtu. Mpwa wangu hakujibu mbele ya watu. Alirudi kwenye kiti, akamwandikia barua pepe yenye tarehe tu: siku alizotuma ankara ziidhinishwe, siku alizokumbusha, siku zilipoidhinishwa. Hakukatwa. Hakuombwa radhi pia. Mwezi uliofuata likatoka tangazo kwamba risiti zote ziwe zimefika tarehe 12.

Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Nilisimulia kisa hiki kwa wenzangu kazini kama mfano wa usaili uliosomwa vizuri.

Mwezi wake wa saba pale akanipigia tena, safari hii usiku. Yule mama wa chai ameondolewa. Alimwaga chai kwenye kompyuta ya mgeni, bosi akamwambia asirudi kesho, mbele ya watu wote, kwa ile sauti. Miaka tisa alikuwa pale. Hakuwahi kupewa barua yoyote ya ajira, alikuwa anasaini daftari na kupokea bahasha.

"Mamdogo, sisi tuliiona ile siku ya kwanza," akasema. "Tukaandika kabisa."

Tuliiona, ndiyo. Nilikuwa nimeisoma chai ile kama dalili ya mambo yatakayomfika mpwa wangu, nikaitafutia kinga yake, nikaridhika. Hilo ndilo kosa langu la pili. Yule mama tulimfanya kipimajoto.

Nikamuuliza ameondolewa lini. Akahesabu: siku 17 zilizopita. Nikamwambia amtafute, namba yake atakuwa nayo yule dada wa kalenda. Amwambie kukosa barua hakumnyimi haki yake, maana kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ndiye atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Aende ofisi za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ajaze fomu namba moja. Shauri la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30.

"Zimebaki 13," akasema. Kisha akauliza kama bosi atajua ni yeye aliyemwelekeza.

Nikamwambia huenda atajua. Akanyamaza tena, lakini si kule kunyamaza kwa kituoni. Nilisikia droo inafunguliwa, anatafuta kalamu. "Nitajie tena hiyo fomu, mamdogo."